Oblivion au Skyrim: jinsi ya kuzipima mwenyewe bila kudanganywa na kumbukumbu

Uliza watu kumi kati ya Oblivion na Skyrim ipi kali, utapata majibu kumi na moja na ugomvi wa bure juu yake. Na ukisikiliza vizuri wengi hapo wala hawalinganishi magemu, wanalinganisha umri wao, aliyekesha na Oblivion mwaka 2006 atakuambia baada ya hapo hamna kitu kilichotengenezwa, aliyeanza na Skyrim mwaka 2011 atakuambia ile ya zamani watu wake wamevimba nyuso kama wametoka kung'atwa na nyuki, na wote wawili hawakosei, ila hakuna anayekusaidia wewe unayetaka tu kujua uanze na ipi.

Mi nimezirudia zote mbili mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mara ya mwisho nikasema ngoja nizipime kwa mizani moja, karakta wa aina moja, masaa sawa, kazi zilezile, alafu nione nini kinabaki kichwani. Hapa naandika nilivyofanya ili na we ufanye hivyohivyo. Inakula masaa kama ishirini, kumi huku kumi kule, najua ni mengi, ila hizi ni gemu za kula masaa mia na zaidi bila wewe kushtuka kwahiyo bora upoteze ishirini ukijua unachofanya.

Kwa mgeni kabisa: zote ni za mfululizo wa The Elder Scrolls wa Bethesda, Oblivion ni ya nne na Skyrim ni ya tano, zote zimesimamiwa na Todd Howard na muziki wa zote katunga Jeremy Soule. Bara ni moja, Tamriel, ila mkoa sio mmoja. Oblivion uko Cyrodiil, katikati ya himaya, misitu na miji ya mawe na jua, Skyrim uko kaskazini kwenye theluji na milima, na kati ya hadithi ya kwanza na ya pili imepita miaka kama 200. Sio lazima ucheze moja ndo uelewe nyingine.

Toleo kwa toleo

Hapa ndo watu wanapoharibu mapema. Mtu anachukua Oblivion Remastered, iliyotoka tarehe 22 Aprili 2025, anaiweka pembeni ya Skyrim ya 2011 alafu anasema eti kumbe Oblivion ina picha nzuri zaidi. Lazima iwe nayo! Ile Virtuos wameichora upya yote kwa Unreal Engine 5, ni kama kushindanisha mtu aliyetoka saluni na mtu aliyetoka kulala. Kwahiyo ama uchukue Oblivion ya 2006 na Skyrim ya 2011, zote mbili za zamani na kasoro zake, ama uchukue Remastered uiweke na Skyrim Special Edition ya 2016. Ile Anniversary Edition ya 2021 ni Special Edition ileile imeongezewa vitu juu, ukiwa nayo sawa tu, ila vile vya kuongezea usiviguse kwenye jaribio, maana vingine vinakupa silaha kali mapema na jaribio zima linaharibika.

Ujue pia Remastered sio rangi tu. Ndani bado inaendeshwa na mashine ileile ya zamani, misheni ni zilezile na hata vituko vingi ni vilevile, ila wameongeza kukimbia kwa kasi na wamebadilisha namna ya kupanda levo, na hilo la levo ni kubwa, nakuja kulisema chini kwasababu ndo penye kilio.

Alafu angalia mashine yako kabla ya moyo wako. Remastered inataka nafasi ya zaidi ya GB 100 na RAM ya GB 16 ndo inyanyuke, Skyrim Special Edition inaridhika na GB 12 za diski na RAM ya GB 8, na Oblivion ya 2006 itakimbia hata kwenye laptopu ya kuandikia ripoti. Kama kompyuta yako haiwezi Remastered basi usijitese na kucheza kwa picha za kukatakata alafu uje useme gemu ni mbaya.

Mamodi, yale mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na mashabiki, weka pembeni, hata yale ya "kidogo tu, ya menyu". Nakubali moja, ile viraka isiyo rasmi ya mashabiki inayorekebisha makosa, hiyo iweke kote kote kama toleo lako linaikubali. Mengine ngojea mpaka umalize.

Karakta mmoja, mara mbili

Makabila yako kumi kwenye kila gemu na ni yaleyale, kwahiyo hapa huna kisingizio. Chagua moja ulitumie kote. Mi nilichukua Bosmer, elfu wa msituni, mtu wa upinde na kunyata na uchawi kidogo wa kujisaidia.

Ila nikuonye, upinde unaipendelea Skyrim. Mpiga mshale wa kunyata kule ni ugonjwa, unaanza umesema safari hii nitakuwa mchawi, ukija kushtuka umejikunyata gizani na upinde kama kila mtu. Mshale mmoja mtu chini. Oblivion unampiga mtu mishale sita anakukimbilia amekuwa kama nungunungu na bado ana nguvu za kukutukana. Kwahiyo kama we ni mtu wa upanga nenda na upanga, kama ni wa uchawi nenda na uchawi, usiige wangu.

Oblivion inaanzia gerezani, Kaizari Uriel Septim, sauti ya Patrick Stewart, anapita kwenye selo yako akikimbia wauaji, unamfuata chini kwenye mapango na mifereji mpaka unatokea nje. Pale mlangoni kabla hujatoka gemu inakuuliza kama unataka kubadilisha chochote, kabila, sura, nyota ya kuzaliwa, kazi, kila kitu. SEVU HAPO. Ipe sevu hiyo sehemu yake usiandike juu yake kamwe, siku yoyote ukitaka karakta mpya unaanzia hapo hupitii tena ule mfereji na mapanya yake. Skyrim unaanzia kwenye mkokoteni umefungwa mikono, unapelekwa kukatwa kichwa Helgen, joka linatokea, purukushani, unatoroka na Hadvar au Ralof. Sevu ukitoka tu pangoni. Hiyo haikupi nafasi ya kubadilisha karakta, lakini kwa kweli hakuna cha kubadilisha zaidi ya sura na kabila, kwasababu Skyrim haina kazi wala nyota ya kuzaliwa, unakuwa kile unachokifanya. Njiani kwenda Riverwood utakuta mawe matatu ya shujaa, mchawi na mwizi, gusa linalokufaa, ukibadilisha mawazo unarudi unagusa lingine.

Ugumu acha katikati kote kote. Usiguse.

Saa la kutembea

Jaribio la kwanza ni rahisi, kwa saa moja unatembea tu. Stori kuu iache. Kule Oblivion ukikaa na ile Amulet of Kings, mkufu anaokukabidhi Kaizari, mfukoni bila kumpelekea mtawa Jauffre hamna milango ya kuzimu itakayofunguka njiani, dunia inakusubiri kwa heshima zote. Skyrim nako usipoenda kumsaidia Jarl (mtawala) wa mji wa Whiterun kwenye ule mnara majoka hayaji kukusumbua hovyo. Na ujikataze safari za mkato. Hili ni muhimu hasa kwa Oblivion kwasababu yenyewe inakuruhusu kuruka kwenda miji mikubwa tangu dakika ya kwanza, na ukiruka hutaijua Cyrodiil, utajua menyu ya ramani tu. Skyrim lazima ufike mahali kwanza kwa miguu au upande mkokoteni wa kulipia.

Utakachokiona ni hiki. Ukitoka mferejini Cyrodiil ng'ambo ya maji kuna magofu meupe ya Vilverin, unaogelea unaingia, unasisimka sana. Gofu la pili la aina hiyo bado unasisimka. La nne unaanza kujiuliza kama sio lile la kwanza, maana vyumba vinafanana, mitego inafanana, ngome zinafanana zenyewe kwa zenyewe na mapango nayo hivyohivyo. Skyrim ukipandisha kutoka Riverwood unaikuta Bleak Falls Barrow, ndani kuna mwizi kanaswa kwenye utando wa buibui, kuna mlango wa mafumbo, kuna mtu kafia sehemu flani na karatasi yake mkononi, na ukimaliza kuna njia ya mkato inakutoa nje bila kurudi ulikopita. Karibu kila shimo la Skyrim lina kahadithi kake. Na ukija kushuka Blackreach, lile pango kubwa la chini ya ardhi lenye uyoga unaong'aa mrefu kama miti, utakaa kimya dakika mbili nzima, mi nilikaa.

Kwahiyo kwenye kutembea sibishani na mtu, Skyrim inashinda na haishindi kidogo.

Jaribio la Dark Brotherhood

Hili ndo jaribio langu ninalolipenda maana kundi hili la wauaji lipo kwenye gemu zote mbili kwahiyo kazi ni ileile, kuua watu kwa malipo, tofauti ni namna walivyoiandika tu.

Kuingia: Oblivion unaua mtu asiye na hatia, unalala, usiku Lucien Lachance wa kundi hilo anakuja kusimama kichwani kwako na kuongea kwa upole wa kutisha. Skyrim unasikia habari za mtoto wa Windhelm anayefanya matambiko, unakwenda Riften kumuua yule mama wa kituo cha yatima, unalala, unaamka kwenye kibanda usichokijua, Astrid, kiongozi wa kundi, amekaa juu ya kabati na mbele yako kuna watu watatu wamefungwa. Kwa kuingia tu naipa Skyrim, kile kibanda ni kizuri sana.

Ila endelea. Kazi ya kwanza Oblivion ni kumuua kapteni wa maharamia, na unaweza kuingia melini kwa kujificha ndani ya kreti ukabebwa kama mzigo. Kazi nyingine ni mzee wa Bruma, unatakiwa umdondoshee kichwa cha mnyama kilichotundikwa ukutani ionekane ni ajali, na ukifanya hivyo kimyakimya bila kuonekana unapewa zawadi ya ziada. Alafu inakuja ile ya Skingrad. Nyumba imefungwa, wageni watano wanadhani wamealikwa kutafuta hazina iliyofichwa, na we ni mgeni wa sita. Unaongea nao, unawafahamu, unajua nani anampenda nani na nani anamdharau nani, na unawaua mmoja mmoja huku waliobaki wanakuja kukueleza hofu zao WEWE. Nilicheka peke yangu mpaka nikajiogopa. Unaweza hata kuwachochea wakauane wenyewe.

Skyrim kuna kazi moja ya harusi Solitude ambayo ni nzuri kweli, unaweza kumuangushia bibi harusi sanamu kutoka juu, lakini zile kazi ndogo anazokupa Nazir wa kundi hilo ni nenda pale ua flani rudi, hamna masharti hamna ujanja, na ukimaliza stori ya kundi wanakupa kazi za kuzalishwa na kompyuta zisizoisha, mtu huyu, mji ule, mpaka uchoke.

Na sio wauaji peke yao. Oblivion kuna mchoraji Cheydinhal aliyepotelea ndani ya mchoro wake mwenyewe na unaingia kumfuata, kila kitu mle ni rangi. Kuna Glarthir wa Skingrad anayeamini majirani wote wanamfuatilia, anakulipa uwafuatilie wao, na jinsi unavyomjibu ndo inaamua nani atakufa. Skyrim nayo ina zake, ule usiku wa kunywa na mgeni usiyemjua unaamka hekaluni Markarth hujui umefanya nini, au ile njama ya Forsworn, siwezi kusema hamna. Ila ukihesabu, Oblivion inakuzidishia. Hata kujiunga na wachawi, Oblivion unazunguka miji saba kutafuta barua za mapendekezo kabla hujafunguliwa geti la chuo kikuu, Skyrim unaonyesha uchawi mmoja mlangoni Winterhold unaingia, na baada ya muda mfupi we ndo mkuu wa chuo na huenda bado hujui kuwasha moto vizuri.

Mikono

Kupigana nitapita haraka kwasababu jibu halina ubishi. Skyrim ni tamu zaidi mkononi, kila mkono unashika chake, upanga huku moto huku, au moto kote kote, na zile ngurumo za lugha ya majoka, kumrusha mtu kutoka juu ya mlima kwa sauti tu haichoshi. Oblivion ni kuparurana, unapiga unarudi nyuma unapiga, na silaha zinachakaa kwahiyo unatembea na nyundo za kutengenezea begani (na mashoka yako kwenye kundi moja na marungu, usiniulize).

Lakini Oblivion ina kitu ambacho Skyrim walikifuta na mi sijawasamehe, kutengeneza uchawi wako mwenyewe. Ukishaingia Arcane University, kile chuo kikuu cha wachawi, kuna madhabahu, unachagua athari, ukali, muda, eneo, unaupa jina. Jaribu huu: punguza afya 100 kwa sekunde 1. Mtu yeyote mwenye afya chini ya hapo anadondoka palepale, na kwasababu ni sekunde moja tu haugharimu sana. Au vaa vitu vyote vyenye uchawi wa kinyonga, wa kukuficha, mpaka vifike asilimia 100, unatembea katikati ya maadui hawakuoni hata ukiwa unawapiga. Gemu imevunjika kabisa hapo, na inakuacha uivunje. Kwahiyo kama we ni mtu wa kuchokonoa, kwenye ratiba yako ya masaa kumi tenga masaa mawili au matatu ya kutafuta zile barua, usije ukaihukumu Oblivion bila kufika kwenye ile madhabahu.

Levo, penye kilio

Sasa hapa soma taratibu maana ndo watu wengi wanapoichukia Oblivion bila kujua wamejifanyia wenyewe.

Oblivion ya 2006 ina skili 21. Unachagua 7 ziwe kuu. Zile kuu zikipanda jumla mara kumi unakuwa tayari kupanda levo, ila haupandi mpaka ulale kitandani. Ukilala unachagua atributi tatu za kuongeza, na kila moja inaongezeka kwa 1 mpaka 5 kutegemea ulipandisha kiasi gani skili za upande wake, ikiwemo zile zisizo kuu. Umeona mtego? Ukipandisha kuu tu bila mpango unapanda levo na atributi dhaifu. Na maadui wanapanda na wewe. Wote. Kila mahali.

Mi mara yangu ya kwanza nilichagua kukimbia na kuruka viwe skili kuu, kwasababu navyotembea naruka tu kila hatua, si unajua. Basi nikawa napanda levo kwa kuruka. Nikafika huko juu najua kuruka na hamna kingine, siku moja barabarani akanitokea yule paka wa njiani, jambazi wa kabila la watu-paka, anayedai dhahabu 100 au roho yako, kavaa mavazi ya kioo kutoka kichwani mpaka miguuni, vitu vya thamani mara mia ya hiyo mia anayoiomba. Akanipiga. Nikarudisha sevu, akanipiga tena. Mara ya tatu nikamlipa nikaondoka zangu, na nikaiweka gemu pembeni mwaka mzima nikiwaambia watu ni mbovu.

Kwahiyo kwa jaribio lako fanya hivi: skili kuu chagua zile unazoweza kuzizuia, sio zinazopanda zenyewe ukitembea. Endurance, atributi ya ustahimilivu, ipandishe mapema kwasababu afya unayopata kila levo inahesabiwa kutoka hapo, ukichelewa haikulipi ya nyuma. Na usipokuwa na haraka usilale, hakuna anayekulazimisha, Kvatch yenyewe, mji wa kwanza wenye mlango wa kuzimu kwenye stori kuu, ukienda na levo ya chini ni rahisi kuliko ukienda na ya juu. Kama unacheza Remastered mengi ya haya yamekufa, pale skili zote zinachangia levo na ukipanda unapewa pointi 12 unazigawa kwenye atributi zisizozidi tatu, kila moja mwisho tano, umemaliza. Maadui bado wanapanda na wewe lakini angalau hautavuna ulichokipanda ukiwa hujui.

Skyrim imefuta karibu yote hayo. Skili 18, yoyote ikipanda inakusogeza, ukipanda levo unachagua afya au magicka au stamina inaongezeka 10, alafu unapata pointi moja ya kuwasha nyota kwenye mti wa skili unayotaka. Sehemu nyingi zina kiwango chao cha chini na cha juu, kwahiyo kuna mahali utaingia mapema ukapigwa ukakimbia, na kuna mahali utarudi ukiwa mkubwa ukawafagia, na hiyo hisia ya kurudi Oblivion karibu haipo. Gharama yake ni kwamba karakta wako wa saa la hamsini anaanza kufanana na wa kila mtu. Na kitu kimoja cha kushangaza kiko sawa kote, zawadi za baadhi ya misheni zinakwama kwenye levo uliyokuwa nayo siku unapewa, upanga wa Chillrend uko kwenye gemu zote mbili na kote ukiuchukua mapema unabaki na ule dhaifu maisha yote.

Stori kuu na sura za watu

Stori kuu kote kote ina sehemu ya kuchosha na ni ya aina moja. Milango ya Oblivion, yaani ile ya kuzimu, na ardhi yake nyekundu na minara, mlango wa kwanza pale Kvatch utakukaa, wa tano unakimbia moja kwa moja mpaka juu kuchukua lile jiwe ufunge ulale. Majoka nayo, la kwanza muziki unapanda nywele zinasimama, la kumi na mbili linakuja ukiwa unajaribu kuuza ngozi unasema we nawe ngoja kwanza. Tofauti ninayoiona mimi ni Martin, mtoto wa siri wa yule Kaizari, mwenye sauti ya Sean Bean. Oblivion we sio mteule, mteule ni yeye, we ni mtu wa kumsaidia, na hiyo inaipa stori moyo ambao Alduin, joka kuu la Skyrim, na unabii wake wote hajaufikia. Hapo watu watanikatalia, sawa tu.

Sauti za Oblivion ya zamani ni chache, ombaomba anaanza na sauti moja anamalizia na nyingine, kamera inakuvamia mpaka kwenye pua ya mtu, na ule mchezo wa gurudumu la kushawishi ambapo unamtania mtu, unajisifu, unamsifia na kumtisha ndani ya sekunde kumi na tano alafu anakupenda, ni ujinga mtupu na mi naupenda. Skyrim imetulia zaidi, watu wanaongea huku wanafanya kazi zao.

Siku ya pili, karatasi

Ukimaliza masaa kumi ya gemu moja, zima kila kitu, lala, kesho yake kabla hujawasha tena chukua karatasi uandike mambo kumi unayoyakumbuka, bila kufikiria sana, ya kwanza kumi yanayokuja. Alafu fanya hivyo na ya pili. Usiandike "grafiksi nzuri", andika kitu.

Karatasi yangu ya Oblivion ilikuwa na watu. Glarthir, yule mama wa kule nyumba ya Skingrad anayejisifia ukoo wake, mchoraji, Lucien, yule paka wa dhahabu mia. Ya Skyrim ilikuwa na mahali. Blackreach, daraja la Solitude juu ya maji, ngazi za kupandia High Hrothgar usiku na mwanga wa kijani angani, kile kibanda cha Astrid, ambacho jina la hata mmoja kati ya wale watatu waliofungwa silikumbuki. Nikaelewa kwanini nimekuwa nikibishana miaka yote bila kufika popote, nilikuwa nauliza ipi bora wakati moja inanipa watu na nyingine inanipa nchi.

Sasa yako isome hivyohivyo. Kama karatasi zote mbili zimejaa mahali, hata ile ya Oblivion, nenda Skyrim usigeuke nyuma, na ongeza ile nyongeza yake ya Dragonborn ukiwa umekomaa kidogo, kile kisiwa ni kizuri. Kama zimejaa watu na visa, kaa Oblivion, na ukimaliza vyama nenda kwenye nyongeza yake ya Shivering Isles ya 2007 ambayo kwa mimi ni kitu bora kwenye hizo gemu mbili zikijumlishwa (kwenye Remastered imo ndani tayari). Na kama zimejaa namna ulivyopigana, silaha na michanganyiko ya uchawi, basi swali ni unapenda nini, kuvunja gemu kwa akili ni Oblivion, kuhisi pigo mkononi ni Skyrim, na ukiongeza mamodi Skyrim inaweza kukurudishia hata kile walichofuta, kuna watu wa kujitolea wanaijenga Cyrodiil nzima ndani ya injini ya Skyrim, wanaiita Skyblivion.

Ukiona utazicheza zote anza na Oblivion, kwa sababu ya kawaida kabisa, vidole. Ukizoea Skyrim kisha urudi nyuma utateseka wiki nzima kutafuta kitufe cha kukimbia kwa kasi ambacho kwenye ile ya zamani hakipo. Na kuna sababu ya pili. Ukifika levo 20 Skyrim nenda Dawnstar, kuna jamaa anaitwa Silus amefungua jumba la makumbusho la wale wafuasi wa Mythic Dawn, kundi la wauaji wa Kaizari kwenye Oblivion, mavazi yao, kitabu kilichoungua, karatasi ukutani. Kwa aliyeanza na Skyrim ni chumba chenye vitu vya zamani, anachukua misheni anatoka. Mi nilisimama mbele ya lile vazi jekundu nikakumbuka nilivyowakimbia watu waliolivaa kwenye ule mfereji, na nikagundua Silus anaongea habari zao kama za babu wa babu yake.